Siku saba nyuma ya moto: kutoka Lubumbashi hadi Kundelungu

Siku ya kwanza, Jumatatu. Lubumbashi hadi Likasi

Mwisho wa mwezi wa tisa hatulioni jua likichomoza Lubumbashi, kusini mwa Kongo. Tunaliona limeshafika juu ya mabati, jekundu kama shaba iliyotoka tanuruni, na mtu anaweza kulikazia macho bila kuumia. Ni moshi huo. Mvua haijaanguka tangu mwezi wa tano, na pori lote linalouzunguka mji limekuwa likiwaka kwa zamu, leo upande wa Kipushi, kesho upande wa njia ya Kasumbalesa. Asubuhi unakuta majivu ya nyasi, membamba kama nyuzi, yametua juu ya nguo zilizolala kambani.

Nimekulia ndani ya moshi huu na sikuwahi kuuliza wanyama wanaponea wapi. Swali lililetwa na kichuguu.

Nina kiwanja nje ya mji, kwenye njia ya Kasapa. Katikati yake kimesimama kichuguu kilichozidi nyumba kwa urefu, na juu yake pameota miti. Kwetu kichuguu ni udongo wa matofali. Fundi anakata, anafinyanga, anapanga tanuru, anachoma, na nyumba nyingi za Katuba na Ruashi zimesimama kwa udongo wa namna hiyo. Nilikuwa nimeshaelewana na mafundi, nao walishaanza kukata upande mmoja. Siku hiyo hiyo moto ulikuwa unakula nyasi za kiwanja cha jirani. Mchana, kanu akatoka katika tundu chini ya kichuguu. Kanu ni mnyama wa usiku anayefanana na paka, sikuwahi kumwona saa kama hiyo. Akasimama juu ya udongo uliokatwa, akautazama moto, akatutazama sisi wenye makoleo, kisha akarudi ndani.

Niliwaambia mafundi wasimame kwanza. Usiku nilianza kusoma habari za vichuguu vyetu. Vinajengwa na mchwa anayeitwa *Macrotermes falciger*, na vikubwa hufika hata mita nane. Mwaka 2015 watafiti walichapisha umri wa vichuguu vya Katanga ya Juu walivyovipima kwa kaboni, na kimoja kilikuwa na miaka kama 2,200. Mji wetu ulianza mwaka 1910. Hata Msiri, mfalme wa Katanga wa karne ya kumi na tisa, alivikuta vichuguu hivi vikiwa vizee.

Kaka yangu mkubwa, fundi wa magari, ninayemwita Yaya, alikubali kunipeleka na Land Cruiser yake.

“Unaenda kutafuta nini mu pori yenye ilishaka kuungua?” akaniuliza.

“Benye balibakia, Yaya.”

Wale waliobaki. Akanyamaza kidogo, akasema tubebe maji mengi.

Njia ya Likasi ni kilomita 120 hivi, na pande zote mbili ni magunia ya makala, yaani makaa ya kuni, yamefungwa vichwa kwa majani, yanangoja malori. Nyuma ya magunia, pale palipokuwa na miombo nilipokuwa mtoto, sasa jicho linakwenda mbali bila kuzuiwa na kitu. Tumelala Likasi. Bukari na sombe, na usingizi.

Siku ya pili, Jumanne. Ziwa Tshangalele

Ziwa hili lilizaliwa na bwawa la umeme la Mwadingusha, lililozuia mto Lufira enzi za Wabelgiji. Ukingoni kuna matete, vinamasi na mitumbwi, na mama mmoja aliyetuuzia munkoyo, kinywaji cha mahindi, wa baridi kutoka katika chungu kilichozikwa nusu mchangani.

Nilikuja hapa kwa sababu ya ndege mmoja. Ni mnana mdogo wa manjano mwenye uso mweusi, wa jamaa ya wale wanaofuma viota kama vikapu. Alikusanywa hapa mwaka 1960, akapewa jina la kisayansi, *Ploceus ruweti*, mwaka 1982, na hajulikani kutoka mahali pengine popote duniani ila katika maji haya ya Lufira. Nilikaa na darubini ya kuazima saa tatu nzima. Niliona minana wa manjano, wengi, wakining'inia na kupigiana kelele. Kama yeye alikuwamo, siwezi kuapa. Jamaa zake wanafanana naye mno.

Kilichonishika zaidi ni matete yenyewe. Sehemu moja ya ukingo ilikuwa imeungua hadi majini, vimebaki visiki vyeusi kama ndevu zilizonyolewa vibaya. Wavuvi wanaunguza ili kufungua njia za mitumbwi, na siwezi kuwalaumu kwa kutafuta mlo. Lakini nilifikiri juu ya kiumbe ambaye ramani yake yote inaonekana kwa darubini kutoka katika jiwe moja. Mwewe wa Lubumbashi yuko pia Dar es Salaam na Dakar. Pori moja likiungua ataruka aende lingine. Mnana huyu ataruka aende wapi?

Kaskazini zaidi, katika vinamasi vya bonde la Upemba, yuko mwingine aliyebanwa hivyo hivyo: lechwe wa Upemba, swala wa majini aliyetambuliwa kuwa spishi ya peke yake mwaka 2005. Miaka ya 1970 walikuwa maelfu kwa maelfu. Makadirio ya karibuni yanasema hawafiki 100. Yeye hakumalizwa na moto. Alimalizwa na bunduki na mitego. Namtaja hapa kwa kuwa kundi la maelfu likipoteza mia mbili katika mwaka mbaya wa moto au ukame linajijaza tena, na kundi lisilofika mia haliwezi kupoteza hata ishirini.

Siku ya tatu, Jumatano. Bonde la Lufira

Tuliiacha lami ikiwa mbali nyuma yetu na tukafuata njia za udongo. Mzee tuliyeelekezwa alitupokea kijijini kwake. Alikuwa mwindaji hadi magoti yalipomkatalia, na baadaye aliongoza wageni wa hifadhi. Aliingia garini na fimbo, kofia na mfuko wa karanga, akakaa mbele bila kuulizwa, kama inavyompasa. Yaya alimwita Baba, mimi nikamwita Muzee.

Kama saa nane mchana tuliona moshi mbele. Muzee alishusha kioo, akanusa, akatazama upepo ulivyoinamisha nyasi, akamwambia Yaya ageuze gari tuingie mahali palipokwisha kuungua wiki iliyopita. Tukasimama pale juu ya weusi, tukangoja.

Kwanza zilikuja sauti. Nyasi ndefu zikiungua hupasuka kama mahindi kwenye kikaango, na nyuma ya mpasuko huo kuna mvumo mzito, kama lori linalopanda mlima. Kisha wakaja ndege. Mwewe walikuwa kumi au zaidi, wanazunguka mbele ya ukuta wa moto na kujitupa ndani ya moshi. Kambu wenye mabawa ya buluu walikaa juu ya miti mikavu, wakishuka na kurudi, kila mara na panzi mdomoni. Hawa hawaukimbii moto. Wanaufuata, kwa sababu kila mdudu aliyejificha tangu mwezi wa nne sasa analazimika kuruka.

Nilimuuliza Muzee swala wanakimbilia wapi. Nilitegemea ataonyesha mbele, mbali na moto. Akaonyesha nyuma yake.

“Nyama yenye iko na akili haikimbiake mbele ya moto mpaka mwisho. Inangojaka fasi moto iko chini, inaruka, inaingia ku majivu. Ku majivu moto hairudiake.”

Na tukaliona hilo kwa macho. Nsya mmoja, swala mdogo wa rangi ya majani makavu, alitokea mbele ya moto akikimbia kwa kupinda-pinda. Alisimama. Moto ulipofika juu ya mahali penye mawe, ambapo nyasi ni fupi, miali ilishuka hadi magotini kwa mtu. Nsya akaruka katikati yake, mara moja, akatua upande wetu, akapita mita chache kutoka garini ubavu ukitweta, akatokomea katika weusi. Nilishikwa na machozi, na moshi ulikuwa sababu moja tu.

Lakini upande wa mbele kulikuwa na watu. Vijana na mbwa na nyavu, wamejipanga pale moto ulipokuwa unaelekea. Wao ndio walioutia. Kila kilichokimbia mbele kiliwaendea, na wengine walibaki kuchimba panya katika mashimo moto ulipopita. Muzee aliwatazama muda mrefu. Hakusema neno baya. Alikuwa mmoja wao zamani. Alisema tu kwamba wakati wake waliacha upande mmoja wazi.

Jioni, tukiwa tumepiga kambi karibu na kijito, vyura walianza kulia. Niliwasimulia habari niliyoipenda sana niliposoma mara ya kwanza. Huko Côte d'Ivoire, katika hifadhi ya Comoé, kuna chura mdogo wa matete anayepitisha kiangazi akiwa amekaa tuli juu ya bua kavu, bila kunywa, ngozi yake imegeuka nyeupe ili irudishe mwanga wa jua. Watafiti waliwasikilizisha vyura hao sauti ya moto iliyorekodiwa, bila moshi wala joto. Vyura wakaamka, wakaruka kuelekea kwenye majani mabichi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Yaya hakuamini. Muzee aliamini papo hapo. Alisema hata kanga kichakani husikia mpasuko kabla ya mtu kunusa moshi.

Siku ya nne, Alhamisi. Juu ya majivu

Muzee alituamsha kabla ya jua. Majivu, alisema, ni daftari, lakini upepo wa saa tatu asubuhi unalifuta.

Tulitembea mahali moto ulipopita jana. Kwanza tuliwakuta waliokufa, na sitaki kuwaruka. Kinyonga, mikono bado imeshika tawi, mweusi kama tawi lenyewe. Kobe wawili. Nyoka aliyejikunja karibu na gogo lililokuwa bado linafuka. Hawa ni wale wasio na mbio wala shimo. Gogo kubwa linaloungua usiku kucha ni baya kuliko nyasi, kwa sababu nyasi huwaka na kupita mahali pamoja kwa muda mfupi sana, lakini gogo hupika udongo ulio chini yake.

Kisha Muzee akapiga goti, akaingiza vidole ardhini, akaniambia nifanye vile vile. Juu palikuwa na majivu. Chini ya hapo, urefu wa kidole tu, palikuwa na udongo wa baridi, wenye vijizizi vyeupe vilivyo hai. Nimesoma mara nyingi kwamba udongo haupitishi joto la moto wa nyasi hadi chini. Kuligusa ni jambo lingine.

Alama zilianza kuonekana jua lilipoinama juu ya majivu. Nguchiro, wengi, kwa mstari. Nungunungu, miiba yake ikiwa imechora mistari nyuma ya nyayo. Kanga. Nsya, labda yule yule. Zote zilitoka mahali pamoja, tukazifuata kinyumenyume hadi kwenye shimo pana lililoingia chini ya kichuguu, mdomo wake umelainishwa na miili inayopita.

“Nyumba ya muhanga,” akasema Muzee. “Yeye anajenga, bengine banapanga.”

Muhanga ni mnyama ambaye watu wengi wa mjini hawajamwona maisha yao yote, nami ni mmoja wao. Ana masikio kama ya punda, pua kama ya nguruwe, na makucha yanayochimba udongo ambao sururu yangu ingegoma. Anachimba kila usiku kutafuta mchwa na sisimizi, analala shimo hili siku chache, anahamia lingine. Ngiri wanaingia, nungunungu wanaingia, kakakuona, chatu, kenge, nguchiro, popo. Siku ya moto kila mmoja anajua mlango ulipo. Nilipolala kifudifudi na kuingiza mkono hadi begani, hewa ya ndani ilikuwa tulivu na yenye unyevu, kama ya ghala la mihogo. Nje, saa nne tu asubuhi, majivu yalikuwa yameanza kuunguza viganja.

Huko Australia, moto mkubwa wa mwaka 2019 na 2020 uliua au kuhamisha wanyama wanaokadiriwa kuwa karibu bilioni 3. Baadaye kamera zilizowekwa katika misitu iliyoungua zilionyesha wanyama wa aina nyingi wakitembelea mashimo ya wombat, mchimbaji wa kwao mwenye umbo la gunia la makala. Bara lingine, mnyama mwingine, kazi ni ile ile.

Nilimuuliza Muzee kama muhanga bado wapo wengi. Akasema mashimo mapya anayaona machache. Wawindaji wanawachimbua. Na joto lenyewe linamfikia hata yeye aliye shimoni: mwaka 2013, katika Kalahari ya Afrika Kusini, kulikuwa na ukame na joto lisilo la kawaida, na karibu muhanga wote waliokuwa wakifuatiliwa na watafiti walikufa. Shimo halikuwapungukia. Chakula ndicho kilichowapungukia, kwa sababu mchwa na sisimizi walitoweka. Walikonda, wakaanza kutoka mchana kutafuta jua la kujipashia kwa kuwa mwili wenye njaa haukuweza tena kutunza joto lake usiku wa baridi. Habari hii inanitia hofu kuliko mwali wowote. Akifa anayechimba, wapangaji wanabaki na mashimo ya zamani, na mashimo ya zamani hubomoka mvua zikija.

Tulipanda kichuguu chenyewe. Moto ulikuwa umekizunguka ukaishia miguuni pake, kwa sababu mbavuni mwake nyasi ni haba na juu kumeota miti ya kijani isiyopukutisha majani, tofauti kabisa na miombo inayokizunguka. Kutoka kileleni nilihesabu visiwa saba vya namna hiyo katika bahari nyeusi. Ndani ya kila kimoja kulikuwa na sauti: ndege, panzi, kitu kilichokimbia majanini. Chini ya miguu yetu mchwa walikuwa wakilima uyoga wao katika joto lisilobadilika sana mchana na usiku. Uyoga huo ndio unaochomoza mvua zinapoanza. Bowa wale wakubwa kama mwavuli wa mtoto wanaouzwa kando ya barabara, wengine kofia yao ikikaribia mita nzima kwa upana.

Kitu kimoja zaidi. Katikati ya majivu Yaya alikuwa karibu kukanyaga yai. Lilikuwa juu ya ardhi tupu, bila kiota, jeusi lenye madoa, na lilionekana kabisa kama kinyesi cha swala kilichoungua. Kuna ndege wa miguu mirefu anayekimbia-kimbia ardhini ambaye huchagua majivu ili atage hapo. Na panzi waliokuwa wakiruka mbele yetu walikuwa weusi. Aina fulani za panzi hubadilika rangi siku chache baada ya moto, ili mwewe asiwaone. Nilipiga magoti mbele ya lile yai nikashindwa kusema kitu.

Mchana, chini ya mti wa mubanga ambao gome lake limeshawahi kuungua mara nyingi, Muzee alisema neno ambalo naona ndilo nililolifuata huku kote.

“Zamani shiye tulikuwa tunaunguza mu mwezi wa tano, majani ingali na maji. Moto inakula hapa, inaacha pale. Nyama inapata fasi. Sasa kila mutu anaunguza siku anataka. Moto ya mwezi wa kumi haiachake kitu.”

Hajasoma kitabu hata kimoja cha misitu. Ng'ambo ya mpaka wetu, Ndola, Zambia, tangu miaka ya 1930 walitenga viwanja vya miombo: kimoja kikaunguzwa kila mwaka mapema, kingine kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, kingine kikalindwa kabisa. Palipounguzwa mapema, miti iliendelea kuishi. Palipounguzwa mwishoni, mwaka baada ya mwaka, msitu uligeuka nyasi. Palipolindwa, vichaka vya kijani vilianza kusongamana. Mvua ile ile, udongo ule ule. Tofauti ilikuwa tarehe.

Siku ya tano, Ijumaa. Kupanda

Joto. Gari lilichemka mara mbili kwenye mteremko, tukangoja chini ya muputu uliokwisha kutoa majani mapya mekundu ingawa mvua bado. Juu yetu njiwa walikaa midomo wazi, koo zikitetemeka haraka haraka. Ndivyo ndege anavyojipoza, kwa kupoteza maji ambayo hana. Hakuna aliyeimba kati ya saa tano na saa tisa. Sisi pia hatukuzungumza.

Siku ya sita, Jumamosi. Uwanda wa Kundelungu

Hifadhi ya Kundelungu ilitangazwa mwaka 1970. Juu ni uwanda wa nyasi usio na mwisho, na upepo wa baridi uliotufanya tuvae makoti siku moja tu baada ya lile joto. Sehemu kubwa ilikuwa imeungua, na katika weusi huo maua: mekundu, meupe, ya manjano, yametoka ardhini moja kwa moja kabla ya tone lolote la mvua.

Yaya alivuta kimmea kimoja, hakikutoka. Akachimba kwa kisu. Chini kulikuwa na shina la mti, nene kama mkono, limelala na kutambaa. Hii ni miti kweli, jamaa za miti mirefu ya bondeni, ila imehamisha shina na matawi yake chini ya ardhi na kuacha vidole vya majani tu juu. Moto wa kila mwaka unakata vidole, mti wenyewe haujui. Tulikuwa tumesimama juu ya msitu.

Lofoi, maporomoko yanayoanguka zaidi ya mita 300 kutoka ukingo wa uwanda, mwezi huu yalikuwa uzi mwembamba unaopeperushwa na upepo kabla ya kufika chini. Nilitaka zaidi kuona mushitu, ule msitu wa maji unaokaa kwenye vichwa vya vijito. Muzee alitupeleka kwenye mmoja anaoujua. Ndani palikuwa na giza, unyevu, nyayo za pongo kwenye tope, na nyani waliotufokea. Wakati nje ni jivu na jua, wanyama wote wa eneo wanakunywa hapa. Popo wa matunda wanaoruka kutoka Kongo na kwingineko hadi Kasanka, Zambia, kila mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili, wanaokadiriwa kufika milioni 10, hulala wakining'inia katika kipande kidogo cha mushitu kama huu.

Ukingo wake ulikuwa umeliwa. Moto wa mwisho wa kiangazi uliingia hatua kama arobaini, miti minene imeanguka mizizi juu, na pale ilipoanguka nyasi zilikuwa zimeshaanza kuota. Mwakani nyasi hizo zitaubeba moto hatua nyingine. Muzee alipima kwa fimbo yake kutoka mti aliokuwa akiegemea zamani. Mti ule sasa uko nje, mkavu, peke yake.

Jioni alituhesabia wanyama aliowaona hapa akiwa kijana: duma, punda milia, palahala, kongoni makundi makundi. Punda milia wa mwisho wa nchi yetu sasa wako Upemba. Alitaja kila mmoja kwa jina la kwao na mahali alipomwona mara ya mwisho, kama mtu anayetaja makaburi ya ukoo. Yaya, ambaye hajawahi kujali mnyama yeyote, alizima redio bila kuombwa.

Siku ya saba, Jumapili. Kurudi

Safari ndefu ya kushuka. Tulimwacha Muzee nyumbani kwake na unga, sukari na mafuta, akatupa karanga zilizobaki. Hakuna moto tuliokutana nao ambao haukuwa wa mwisho wa kiangazi. Niliuhesabu hadi kumi na mmoja, nikaacha.

Tulifika kiwanjani Kasapa jua linazama. Mafundi hawakuwa wamengoja. Walikuwa wameongeza kukata, labda theluthi ya kichuguu imeondoka, na matofali mabichi yamepangwa safu safu yakikauka. Tundu la kanu lilikuwa bado, kwa upande wa pili. Kiongozi wao alikuja akifuta mikono, mtu mzima mwenye watoto, anayengoja mshahara wake.

“Patron, kesho tunafikia katikati.”

Nikamwambia kesho hatukati. Nitamlipa matofali aliyokwisha kuyafanya, na kazi ya wiki mbili zilizobaki nitampa nyingine: kufyeka nyasi kuzunguka kichuguu upana wa hatua tano, kujaza udongo pale palipokatwa, na mwezi wa tano, majani yakiwa bado na maji, kunisaidia kuunguza kiwanja kipande kwa kipande. Alisikiliza, akatazama ramani ya nyumba niliyomchorea mwezi uliopita, ambamo sebule imekaa juu ya kichuguu kabisa.

“Na nyumba?”

Yaya ndiye aliyejibu. Aling'oa vigingi vinne, kimoja baada ya kingine, akavipeleka upande wa mwembe, akaanza kuvipigilia kwa jiwe gizani.